Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Ndengu ya Mukuyuni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye kwa kukosekana kwa mwingine ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye alialikwa, akathibitisha, akaomba radhi, na kiti chake kipo hapa mbele kinamwakilisha vizuri sana. Mchungaji Kiema, uliyetufungulia kwa maombi ya dakika arobaini bila kurudia neno. Mzee Abdallah, mnunuzi wetu wa ndengu kutoka Mwingi, ambaye lori lake tunaliona pale karibu na kinu cha unga, posho mill. Fundi Mutisya wa kuchomelea vyuma, uliyetoka Sultan Hamud kwa nauli yako mwenyewe. Akina mama wa kikundi cha Wendo mkiongozwa na Mama Kalekye. Machifu wastaafu na machifu watarajiwa. Wauza mitumba mliokubali kusogeza bidhaa zenu tupate uwanja. Ndugu zangu mliosimama kwa sababu viti havikutosha. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa na nyingine kidogo juu yake. Bwana asifiwe. (Amina.) Bwana asifiwe tena. (Amina, lakini ya wachache.) Na kwa upande wa Mzee Abdallah, asalaam aleikum. (Mzee Abdallah anaitikia, kisha anatazama saa yake.)

Mimi naitwa Nyamai, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Ubunifu, Vielelezo na Uundaji wa Bidhaa, Ukanda wa Mukuyuni. Mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Baba wa watoto watano. Na mwanafunzi wa maisha, maana shule niliiachia darasa la nane lakini kusoma sijaacha hadi leo, na wale wanaonijua wanajua kwamba hata gazeti la kufungia sukari silitupi kabla sijalimaliza. (Kicheko cha mapenzi.)

Kabla sijaingia kwenye mada, niruhusuni nitambue magunia. Naona pale pembeni magunia kumi na manne ya ndengu ambayo bado iko ndani ya maganda, yamepangwa kama wageni waalikwa, na kwa kweli ni wageni waalikwa, kwa sababu ni mimi niliyewaandikia akina mama wa Wendo barua yenye muhuri, wiki tatu zilizopita, nikawaambia wasijichoshe kuipiga ndengu yao kwa fimbo kama walivyofanya nyanya zao, bali waingoje siku ya leo, waje nayo hivyo ilivyo, na mashine yetu ingeipura yote ndani ya saa moja mbele ya macho ya watu, Mzee Abdallah apakie mzigo safi aende nao Mwingi. Wakatii. Hawakugusa fimbo kwa wiki tatu. Huo ndio uraia mwema. (Makofi machache. Mama Kalekye hapigi.) Sasa Mzee Abdallah amesema ataondoka saa kumi kamili, na hatarudi upande huu kabla ya mwezi kuisha, na Mama Kalekye ameninong'oneza nilipokuwa nikipanda jukwaani kwamba wingu la milima ya Mbooni limekuwa jeusi tangu saa sita, kwamba kikundi hakina ghala, na kwamba ndengu ikinyeshewa ikiwa ndani ya maganda itachipuka kabla ya Jumapili, na msimu mzima wa wanawake kumi na wawili utaliwa na mbuzi. Nimemsikia. Nikamwambia, mwaitu, mama yetu, keti, kila kitu kiko kwenye programu.

Basi mada. Prototype ni nini? Wengi mnalisikia neno hili mkafikiri ni ugonjwa wa kuku. Prototype, kwa lugha nyepesi ambayo kamati imeiandaa kwa ajili yenu, ni kielelezo tangulizi cha kitu ambacho kikishakuwapo kitaonekana kama kielelezo hicho, isipokuwa pale ambapo kitatofautiana nacho. Yaani, mama anaposhona nguo ya harusi hakati kitambaa cha gharama siku ya kwanza, anakata kwanza gazeti, analipima mwilini mwa bibi harusi, anapunguza hapa, anaongeza pale, ndipo anashika mkasi wa kweli. Gazeti lile ndilo prototype. Na sisi, ndugu zangu, tumefanya hivyo kwa ukamilifu, kwa kufuata hatua zote za kitaalamu, ingawa kwa mpangilio wetu wenyewe, kwa sababu hatutaki kuigaiga.

Hatua ya kwanza kabisa, tulitafuta jina. Nawaambia kama ndugu, jina lilituchukua mikutano sita. Mimi nilipendekeza Mkombozi wa Ndengu Awamu ya Kwanza. Mchungaji Kiema akasimama akasema Mkombozi ni mmoja na hana awamu. (Amina kubwa.) Nikaondoa hoja yangu kwa unyenyekevu. Tukaafikiana iitwe Tumaini. Hatua ya pili, tukachagua rangi. Hatua ya tatu tukaenda benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, Naivasha, siku nne, mahali ambapo hawalimi ndengu hata punje moja, ili tusije tukapendelea upande wowote. Hatua ya nne tukafanya mikutano ya wadau arobaini na saba, ambapo asilimia tisini na mbili ya waliohudhuria walisema wanaunga mkono, na asilimia kumi na tano wakasema chakula kilichelewa. Hatua ya tano, Jumapili iliyopita, tukaileta mashine mbele ya madhabahu, Mchungaji akaiwekea mikono, akaimiminia mafuta, ikawekwa wakfu kama ambavyo sisi huku tunaweka wakfu kila kitu kipya, kuanzia posho mill hadi pikipiki, maana chombo kisichoombewa kinaweza kumkata mtu kidole. Kwa hiyo ninaposimama hapa naweza kutamka bila kumung'unya maneno kwamba mashine hii, kwa upande wa maono, imekamilika kwa asilimia tisini na sita. (Sauti nzito inasikika pembeni: pu, pu, pu, pu.)

Asanteni. Asanteni kwa makofi hayo. (Pu, pu, pu.) Naona yanatoka upande wa akina mama, na niseme ukweli, tangu nianze kuhutubia sijawahi kupigiwa makofi yenye uzito namna hiyo. Mnaweza kupumzika kidogo. (Pu, pu, pu, pu.) Sawa, endeleeni, sitaki kuzima moto wa Roho.

Sasa niingie kwenye feasibility, yaani kama jambo hili linawezekana. Utafiti wetu, uliofanywa na mimi nikiwa na kalamu, umeonyesha kwamba mwanamke mmoja akipiga ndengu kwa fimbo anatumia siku tatu kwa gunia, mgongo unauma, macho yanaingia vumbi, na punje nyingi zinarukia kwenye nyasi zikaokotwa na kuku, ambao hawako kwenye bajeti. Mashine ya Tumaini itapura gunia moja kwa dakika nne na sekunde kumi na moja. Namba hiyo tumeipata kwa njia ya kisayansi ambayo siwezi kuieleza hapa kwa sababu ya muda. (Mama Kalekye anasimama, fimbo mkononi, mavumbi kwenye kitambaa cha kichwa.)

Naam, mwaitu. Naona mkono umeinuliwa, na mkononi kuna fimbo. Ndugu zangu, huyu mama ndiye aliyenifundisha Sunday school, na hadi leo hawezi kuniita Mheshimiwa, sijalalamika. Sauti, mwaitu, watu wa nyuma wasikie.

"Mashine iko wapi, Nyamai?"

(Nyamai anageuza kurasa za programu.)

Swali zuri. Swali la mdau. Mashine iko hapa mbele yenu, chini ya kitambaa hiki chekundu cha meza ya Bwana, ambacho tumekiazima kanisani na kitarudishwa kikiwa kimefuliwa. Kwenye programu uzinduzi ulikuwa namba ishirini na tatu, baada ya kwaya, lakini kwa heshima ya umri, na kwa sababu Mzee Abdallah amesimama na kuketi mara tatu, tutaisogeza. Mchungaji, shika pembe hiyo. Tuhesabu wote. Moja, mbili, tatu. (Kitambaa kinavutwa. Kuna viti vinne vya plastiki, vimepandanishwa, vinang'aa mafuta.)

Tulieni. Tulieni, ndugu zangu. Huyo anayecheka pale kwenye mitumba, nakuona. (Kicheko kinazidi.) Wataalamu duniani kote, katika hatua za awali za design, wanakubali kabisa mtu atumie kitu chochote kushikilia nafasi ya kitu kingine, boksi, mkebe, ndoo, ili watu waone ukubwa, urefu na mahali pa kusimama. Hiyo haijatungwa na mimi, ni elimu. Viti hivi vinne vina kimo kilekile ambacho Tumaini itakuwa nacho, na ukizungukia upande huu utaona mahali pa kuingizia ndengu. Tatizo moja tu ni kwamba vimeshawekwa wakfu, na mafuta hayajakauka, kwa hiyo wale waliosimama kwa kukosa viti wavumilie. (Mchungaji Kiema ameficha uso kwenye Biblia, mabega yanatikisika.)

Mchungaji, usiniache peke yangu katika hili. Ni wewe uliyevimiminia chupa nzima.

Tuendelee. Jambo kubwa zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini ingawa nasikia yale makofi yameanza tena na sasa najua si makofi bali ni fimbo juu ya ndengu, (pu, pu, pu, pu) jambo kubwa ni kuchagua njia ya kuitengeneza. Kamati ilipewa njia nne. Kuna kuchomelea, bomba na mabati, kama anavyofanya Fundi Mutisya. Kuna kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimwaga kwenye kalibu. Kuna kukatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Na kuna ile mpya ya kisasa kabisa, inayojenga kitu cha plastiki safu kwa safu, polepole, jinsi mchwa anavyojenga kichuguu. Sisi kama watu wa demokrasia tukaipigia kura ya siri. Kusubu ikashinda kwa kura tisa, kwa sababu wajumbe walisema neno lenyewe lina nguvu. Mchwa akapata tatu. Kuchomelea hakukupata hata moja. Kompyuta hakupata, stima ilikuwa imepotea siku hiyo. Kura moja iliharibika kwa kuwa badala ya tiki ilikuwa imeandikwa maneno. (Fundi Mutisya anainua mkono kidogo, kama mtu shuleni.)

Ndiyo, fundi, ni yako, wewe tuliyekualika siku ile kama mtaalamu, na ninayo hapa mfukoni, nimekuwa nayo tangu siku ile, sijui kwa nini sikuitupa. Imeandikwa: "Mnataka mashine ngapi?"

Niwaambie kitu hapa katikati yetu, kisiende mbali. Siku ile tuliicheka kura hii. Nilisema huyu fundi hajui kupiga kura. Lakini usiku huo, wakati wa sala, nilipofika mahali pa kuiombea kamati, hilo swali lilisimama mbele yangu, nikalikwepa kwa kuombea mvua. Fundi, kwa kuwa programu imeshavurugika, waeleze wananchi ulichomaanisha. (Fundi Mutisya anaeleza kwa sauti ya chini, akitazama viatu.)

Kwa wale ambao hawakusikia, fundi anasema hivi: ukitaka mashine moja ya kikundi kimoja, unachomelea, kwa sababu ukikosea unakata kwa grinder na kuchomelea tena, hasara ni bomba moja. Ukitaka elfu, hapo ndipo unatafuta kalibu, kwa sababu kalibu ni gharama ya kuanza inayogawanywa kwa elfu, na ikitengenezwa vibaya utatoa makosa elfu yanayofanana. Na ile ya mchwa anasema ni nzuri kwa vipande vidogo vya kujaribia, gia au kishikio, uone kama vinashikana kabla ya kuvitengeneza kwa chuma. Kwa hiyo huanzi na njia, unaanza na unataka ngapi na kitu kitafanya nini. (Minong'ono ya kukubali.) Asante, fundi. Kwa hiyo mnaona wazi kwamba fundi anakubaliana na kamati katika kila jambo, isipokuwa kura, kalibu na mpangilio. (Kicheko.)

Anasema kitu kingine. Sema, fundi. Anauliza mchoro uko wapi.

(Mheshimiwa anakunywa maji. Anakunywa tena, ingawa chupa imekwisha.)

Mchoro. Mchoro uko, kwa upande mmoja, katika mioyo ya wajumbe. Kwa upande mwingine... Fundi, mbona umeondoka kwenye kiti chako? Ndugu zangu, naona fundi ameshuka ameenda kwenye turubai ambapo akina mama wanapura ndengu yao. Amechuchumaa. Amechukua programu yetu ya leo, ile niliyoichapisha kwa rangi, anachora nyuma yake. Sasa amemwomba Mama Kalekye apige taratibu, anapima kwa kamba fimbo inainuka kimo gani. Anauliza kitu. Ameuliza ganda likikauka sana linahitaji kupigwa mara ngapi. Mama anamwambia mara mbili tu, na fimbo isiwe nzito, ikiwa nzito punje inapasuka. (Fundi anaandika.) Hilo sikulijua. Miaka miwili, mikutano arobaini na saba, na Naivasha yote, hakuna mtu aliyemuuliza mama huyu fimbo iwe na uzito gani. Na kila Jumapili ananipa mkono.

Naomba viongozi wa safu ya mbele msiondoke. (Safu ya mbele inaondoka.) Chifu mstaafu, kofia yako umeisahau. Naona mmeokota fimbo. Naona na wauza mitumba wanaokota fimbo. Mzee Abdallah, na wewe pia, tena umekunja kanzu! Mzee wangu, mnunuzi kumpuria muuzaji, hilo sijaliona Mwingi wala Makueni. (Mzee Abdallah anajibu bila kugeuka kwamba lori tupu linamlia dizeli bure, afadhali mikono ichoke.) Sawa, mzee. Sawa kabisa.

Katibu wa kamati ameniletea karatasi. Inasema saa tisa na dakika ishirini. Inasema magunia tisa yamepurwa na yanapepetwa, matano yamebaki. Inasema pia, na hii sijui kama nilitakiwa kuisoma kwa sauti, kwamba watu wanaonisikiliza sasa ni kwaya peke yake, na kwaya inabaki kwa sababu haijaimba. (Kwaya inacheka. Kisha kwaya inaondoka.)

Lakini ngoja, ngoja, tusikose hekima ya takwimu. Magunia tisa ndani ya saa moja na nusu. Hiyo ni dakika kumi kwa gunia. Kamati inaweza kuandika kwenye ripoti kwamba siku ya uzinduzi, chini ya uongozi thabiti wa mwenyekiti wake, kasi ilifikia kiwango cha... (Tone la mvua linaanguka juu ya maikrofoni. Mheshimiwa anatazama juu, upande wa Mbooni.)

Hapana. Sitaandika hivyo.

Nifupishe. Kawaida kwenye hotuba zangu hapa ndipo penye kaulimbiu, nazo zimegharimu mikutano mitatu, kwa hiyo mtaniitikia hata mkiwa mmenipa mgongo. Tumaini! (Pu!) Ubunifu kwa maendeleo! (Pu, pu!) Ndengu safi, kaunti safi, moyo safi! (Pu, pu, pu! Mama mmoja anapiga kigelegele kwa sababu gunia la kumi limejaa.)

Na sasa shukrani. Namshukuru Mungu aliyeizuia mvua hiyo hadi tone moja. Namshukuru Mchungaji Kiema kwa maombi, na kanisa kwa viti vinne. Nawashukuru wajumbe wa kamati yangu kwa kuhudhuria vikao vyote bila hata mmoja kuuliza swali, na nasema hivyo nikijihesabu wa kwanza. Nawashukuru akina mama wa Wendo kwa kuiamini barua yangu, barua ambayo niliiandika nikiwa na furaha nyingi na mashine hakuna. Ndugu zangu, mbele ya Mungu na mbele ya vumbi hili, nawashukuru wote mliokuja kushuhudia uzinduzi wa mashine ambayo haijawahi kutengenezwa, haijawahi kuagizwa, haijawahi kujaribiwa, na ambayo mchoro wake wa kwanza umechorwa leo saa tisa na dakika kumi, na Fundi Mutisya, nyuma ya programu, kati ya jina langu na wimbo wa kwaya. Nĩ mũvea mũno, asanteni sana.

Yamebaki magunia manne na dakika thelathini. Katibu, nishikie koti na maikrofoni. Mwaitu Kalekye, nisogezee nafasi hapo kwenye turubai na unipatie fimbo, ile isiyo nzito, nami nipige kwa niaba ya kamati.